Mpwa hamkazii macho mjomba wake

Mtwara, Jumapili usiku

Leo nimeshinda ndani nahariri sini moja ya filamu yetu, ile ya barazani tuliyopiga Mikindani. Mjomba na mpwa wanazungumza mpaka raha, na ukiwaangalia huwezi kujua kwamba siku ya kupiga picha hawakuonana kabisa. Mzee anayeigiza mjomba tulimpiga asubuhi, akamaliza, akaondoka zake kwenda kwenye mikorosho yake. Kijana anayeigiza mpwa ana kazi bandarini. Alipotoka zamu na kufika Mikindani ilikuwa alasiri. Kichochoro chenye baraza hiyo kimebanwa na nyumba za mawe, kivuli chake hakibadiliki sana, kwa hiyo mwanga haukutusumbua. Kazi yote ilibaki kwenye macho.

Mtazamaji ana tabia moja ambayo filamu zinaitegemea mno. Akimwona mtu anatazama nje ya fremu, yaani nje ya mipaka ya picha, anataka kujua anatazama nini, na picha utakayomwekea baada ya hapo ataipokea kuwa ndiyo jibu. Kama miaka mia moja iliyopita huko Urusi, mtengeneza filamu Lev Kuleshov alichukua shoti, yaani kipande kimoja cha picha, ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso usioonyesha hisia yoyote, akaiunganisha na bakuli la supu, kisha na maiti ndani ya jeneza. Inasimuliwa kwamba watu waliuona uso ule ule ukiwa na njaa, kisha ukiwa na majonzi. Uso haukubadilika. Kilichobadilika ni kile walichoamini kwamba unakitazama.

Lakini mtazamaji huyo huyo ni mkali sana kwenye mwelekeo. Mjomba akitazama kulia kwa fremu, mpwa lazima atazame kushoto. Wote wakitazama kulia, wataonekana wanamwangalia mtu wa tatu aliyesimama mbali. Ndiyo sababu tunavuta mstari wa kufikirika kati ya wahusika wawili na kuiacha kamera upande mmoja wa mstari huo, ndani ya nyuzi 180. Sisi tulichagua upande wa bahari, tukakaa huko mpaka mwisho.

Sini hii ilikuwa na ugumu wake, kwa sababu ina mistari miwili. Inapoanza, mjomba anacheza bao na rafiki yake, wameketi barazani uso kwa uso, ubao katikati. Huo ni mstari wa kwanza. Mpwa anakuja kutokea kichochoroni na kuchuchumaa chini, pembeni yao. Huo ni wa pili. Ukiruka kutoka mmoja kwenda mwingine kwa kukata tu, mtazamaji anapotea, hajui nani yuko wapi. Nilichofanya ni kumwacha mjomba mwenyewe atuvushe. Ndani ya shoti moja, bila kukata, anainua kichwa kutoka ubaoni na kukigeuza kuelekea kijana. Kichwa kikigeuka, na mstari umegeuka. Baada ya hapo niko huru.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikae kuandika usiku huu.

Kwenye skripti tuliandika "wanatazamana". Siku ya mazoezi, ambapo wote wawili walikuwepo, kijana alichuchumaa, akasema, "Shikamoo mjomba," akamkazia macho usoni, kama wafanyavyo kwenye tamthilia. Mzee si mwigizaji wa kazi. Akausimamisha mkono, kete zimo kiganjani.

"Marahaba." Kisha akanigeukia mimi. "Mwanangu, huyu kijana ana kesi na mimi?"

Nikamwambia hana, ndivyo ilivyoandikwa.

"Basi mbona ananitolea macho? Amekuja kuomba au amekuja kudai?"

Huku kwetu kusini, kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, ukoo tangu zamani umefuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Mengi yamebadilika, familia nyingi siku hizi baba ndiye anayeamua. Lakini heshima ile imebaki kwenye macho. Kijana anayekuja kumwomba mjomba ruhusa ya kuuza mikorosho aliyoiacha bibi hawezi kumtazama usoni wakati anaomba. Macho yake yako chini.

Chini wapi? Hapo ndipo napenda wenzangu tunaopiga filamu tupaangalie sana. Tukishasema "macho chini" tunamwacha mwigizaji atazame popote, sakafuni au vidoleni mwake, na shoti inayofuata inakosa pa kushika. Mtu aliyeshusha macho kwa adabu hajaacha kuangalia. Anasoma. Nilimuuliza yule kijana yeye mwenyewe akiwa mbele ya wakubwa huwa anatazama nini, akajibu papo hapo: "Mikono, dada. Mkono ukitulia unajua mambo yameharibika." Basi tukaweka hivyo. Mpwa anatazama mkono wa mjomba wenye kete.

Kupata mstari huo wa macho bila mzee kuwepo ilibidi tupime. Kabla hajaondoka asubuhi ile, nilishusha kamba ya katani kutoka usawa wa macho yake mpaka chini, nikafunga fundo kwenye macho, nikafunga la pili pale kiganja chake kinapofika akiwa anatembeza kete. Baraza tukaitia alama ya chaki alipokaa. Alasiri tukasimamisha stendi ya taa pale pale kwenye chaki, kamba ikaning'inia, mafundo yote mawili tukayazungushia utepe mwekundu. Kijana akaambiwa: maneno yote yaseme kwenye fundo la chini, la juu usiliguse mpaka nikuashirie. Jirani mmoja alikaa nyuma ya stendi akimsomea maneno ya mjomba, ili sauti nayo itoke upande unaostahili.

Wengi humwambia mwigizaji atazame ngumi ya mpiga picha karibu na lenzi, biashara imekwisha. Kwa shoti ya mbali inatosha. Kwenye picha ya karibu, pale uso unapojaa fremu, haitoshi hata kidogo. Kwanza, macho yanayotazama kitu cha karibu huvutana kuelekea puani, na kamera inaliona hilo. Pili, kadiri alama inavyosogea karibu ndivyo kosa linavyokua: kwa umbali wa mita 2, kupishana kwa sentimita 10 ni kama nyuzi 3, kwa mita 1 ni karibu nyuzi 6. Kwenye uso mkubwa wa skrini, nyuzi 6 zinatosha kumfanya mpwa aonekane anatazama bega la mtu mwingine.

Najua sheria hizi zimewahi kuvunjwa na mabingwa. Mwongozaji Yasujiro Ozu wa Japani aliishusha kamera mpaka karibu na mikeka ambayo watu wake walikalia, akaizungusha pande zote bila kujali nyuzi 180, na wahusika wake wakizungumza mara nyingi huonekana wanatazama karibu upande mmoja, karibu kabisa na lenzi. Na bado unawaelewa. Nampenda kwa sababu alianzia kwa watu: wanakaaje, wako usawa gani kutoka sakafuni. Kamera ikafuata. Sisi tunaokaa mikekani na barazani tuna sababu ya kumsoma yeye zaidi ya kusoma vitabu vya watu wanaozungumza wamesimama.

Leo kwenye kukata, sehemu iliyonichukua muda mrefu ni fupi sana. Mpwa anasema, "Mjomba, nimekuja kuhusu ile mikorosho ya bibi." Nakata kwenda kwenye mkono. Kete zinadondoka moja moja, shimo hadi shimo, kisha mkono unasimama kabla haujafika kichwani mwa ubao. Shoti hii tuliipiga tukiwa chini, usawa wa macho ya kijana, kiasi kwamba ukingo wa ubao unaficha mashimo ya upande wake. Tulikuwa na nyingine, ya kutoka juu, mashimo yote 32 yanaonekana na kete zake, picha nzuri kuliko zote tulizopiga siku ile. Nimeitoa. Hakuna mtu katika sini hii anayeuona ubao kutoka angani, na ningeiweka, mtazamaji angeacha kuwa kijana anayesubiri jibu.

Halafu fundo la juu. Mjomba anarudisha macho ubaoni na kuendelea kucheza. Hapo tu, akiwa na uhakika kwamba haonwi, mpwa anainua macho na kumtazama mzee usoni. Mjomba hajui. Macho yao hayakutani hata mara moja katika sini nzima, na kila mstari wa macho unashikana na mwenzake. Nimeirudia nikiwa nimezima sauti, na bila maneno unajua nani anaomba na nani ana neno.

Imebaki shoti ya mama mlangoni. Yeye ni dada mkubwa wa mjomba, ndiye pekee pale anayeweza kumtazama mzee usoni na mzee akanyamaza. Atasimama kizingitini, nyuma ya wachezaji, juu ya wote, kwa hiyo mdogo wake itabidi ainue shingo kumtazama, jambo ambalo hatujamwona akilifanya tangu mwanzo. Mstari wake utashuka kutoka mlangoni hadi barazani na kuukata ule wa mjomba na mpwa, na kamera nitaibakiza upande wa bahari. Mzee ameniahidi kwamba siku hiyo shamba litamsubiri. Tutawapiga wote wawili wakiwepo, bila kamba.