Bahasha mbili

Asubuhi ile ya Aprili Tukuyu ilikuwa imefunikwa na ukungu, na duka la dawa nililokuwa nikifanyia kazi halikuwa na mteja mwingine. Akaingia mama mmoja mjamzito, akaweka kwenye kaunta cheti kipya, kadi ya kliniki na bahasha mbili ndogo za dawa. Cheti kilisema levothairoksini, yaani homoni ya tezi ya vidonge, mikrogramu 150 kila siku. Nikakisoma mara mbili.

Nilikuwa namfahamu. Miaka miwili kabla ya hapo alitolewa tezi yote ya shingo kwa sababu ya rovu, yaani uvimbe wa tezi hiyo, tatizo ambalo huku Nyanda za Juu Kusini ni la zamani, kwa kuwa udongo wetu una madini joto kidogo. Mtu asiye na tezi, homoni yake ya tezi yote inatoka kwenye kidonge. Kisipofyonzwa tumboni, hana akiba ya kumsaidia.

Alipogundua ana mimba, ikiwa ya wiki sita, daktari wake hakusubiri majibu ya maabara. Alimwongezea vidonge viwili kwa wiki: badala ya 7 vya mikrogramu 100, ameze 9, yaani kimoja kila siku, ila Jumatano na Jumapili viwili. Mimba hudai homoni zaidi kwa asilimia 25 hadi 30 hivi, na hudai mapema, maana tezi ya mtoto haijitoshelezi mpaka karibu nusu ya safari. Kabla ya hapo ubongo wake unajengwa kwa homoni ya mama. TSH yake, kipimo cha damu ambacho hupanda homoni ya tezi ikipungua, ilitakiwa kubaki chini ya 2.5. Wiki ya 10 ilikuwa hivyo. Sasa, wiki ya 16, ilisoma 5.8, ndiyo maana dozi ikapandishwa tena.

"Dada, unazimezaje hizi?"

"Kama ulivyoandika, daktari. Asubuhi, zote kwa pamoja, na chai ya maziwa. Zikikaa pamoja sisahau."

Nikazigeuza zile bahasha. Ya levothairoksini: 1 × 1 asubuhi. Ya pili, dawa za kuongeza damu alizonunua kwangu zilipoisha kliniki: 1 × 1 asubuhi. Mwandiko ni wangu, kalamu ni ileile ya bluu.

Madini ya chuma yaliyomo kwenye dawa za damu hushikana na levothairoksini tumboni, vikawa kitu kisichoyeyuka, na sehemu ya dawa ikatoka na choo. Vidonge vya kalsiamu hufanya vivyo hivyo, na maziwa kwa sababu ya kalsiamu iliyomo. Kahawa nayo hupunguza ufyonzwaji. Kuongeza dozi juu ya kosa hilo ni kumwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka. Na siku atakayoacha dawa za damu, ile dozi kubwa ingeingia mwilini bila kizuizi hicho, moyo uanze kumwenda mbio na mikono itetemeke.

Nilimpigia daktari mbele yake, nikaeleza na kosa langu. Akafuta ile 150: abaki na vidonge 9 kwa wiki, arekebishe saa, TSH irudiwe baada ya wiki nne. Kurudia baada ya siku chache kusingesaidia, kwani dawa hii huchukua kama wiki moja kupungua nusu mwilini na kipimo hubadilika polepole.

Nikachukua bahasha mpya. Ya kwanza: "Saa 12 asubuhi, maji matupu. Chai baada ya saa nzima." Ya pili: "Saa 8 mchana, baada ya chakula." Saa nne kati yake zinatosha, lakini niliziacha nane, kwa sababu zikiwa nne, ya pili ingeangukia chai ya saa 4, ambayo huko kwao haikosi maziwa. Akauliza afanyeje akiamka na kichefuchefu. Nikamwambia aongee na daktari ahamishie ya tezi usiku, zikishapita saa tatu tangu ale chakula cha jioni. Wapo wanaoacha kabisa wakihofia mtoto, na hilo ndilo baya zaidi, maana ni homoni ileile ambayo tezi ingetengeneza.

Mwezi Mei alirudi na karatasi ya maabara: 1.9. "Ndaga fijo," akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akaomba dawa za mwezi. Nyuma ya kadi yake daktari alikuwa ameshaandika: akijifungua arudi kwenye vidonge 7 kwa wiki, TSH wiki ya sita.