Jinsi Nilivyoziingiza Kazi za Oda za Karakana Yetu katika Odoo

Karakana ninayoitunzia hesabu iko Keko, Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya kazi zake ni milango, fremu na makabati ya oda: mteja huja na vipimo vya nyumba yake, hulipa malipo ya awali, kisha ndipo mbao hukatwa. Kwa miaka mingi oda hizo zilikaa katika daftari la kaunta na katika kichwa cha fundi mkuu, na daftari lilipopishana na kichwa, tulifuata kichwa. Mwenye karakana alipoamua tuanze kutumia Odoo, programu ya kompyuta ya kuendeshea biashara, lile toleo lisilolipiwa leseni, kazi ya kuipanga iliniangukia mimi.

Nilichokitaka kilikuwa kimoja, yaani mauzo yakithibitishwa, programu yenyewe ifungue oda ya uzalishaji kwa idadi ileile, na oda hiyo ibaki imeungana na mauzo yaliyoizaa. Niliwasha njia za hatua nyingi, yaani kanuni za bidhaa itoke wapi na ipite wapi, katika mipangilio ya ghala, nikaitafuta njia ya kujaza kwa oda, nisiione. Kumbe katika matoleo ya karibuni njia hiyo huja ikiwa imefichwa, na ni lazima uichuje orodha ya njia ionyeshe zile zilizowekwa kando, ndipo uirudishe kazini. Baada ya hapo, katika kadi ya bidhaa, hutiwa alama njia mbili kwa pamoja: ya oda na ya kutengeneza. Ile ya kwanza huiambia programu isichukue kilichopo stoo, na ya pili huiambia kitakachotakiwa kitatoka wapi. Ukiweka moja tu, kazi haiendi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa katika orodha ya malighafi. Programu huuliza orodha hiyo ni ya kutengeneza au ni ya seti, nami nikachagua seti, kwa kuwa kwetu mlango, fremu na bawaba zake huuzwa pamoja. Nilipothibitisha mauzo ya majaribio, oda ya uzalishaji haikuonekana. Badala yake ghala liliagizwa kumkabidhi mteja mbao, bawaba na gundi, akajitengenezee mwenyewe.

Lililonisumbua zaidi ya yote ni mbao. Fremu ya mlango wa futi 7 kwa 3 huhitaji miimo miwili ya futi 7 na kizingiti cha futi 3, jumla futi 17, kwa hiyo mbao ya mbili kwa sita niliiweka stoo kwa futi nikaandika 17 katika orodha. Sisi, hata hivyo, hununua mbao za futi 12. Ubao mmoja hutoa mwimo mmoja na kubakiza futi 5, ambamo kizingiti hukatwa. Ubao wa pili hutoa mwimo wa pili, na futi 5 zake hubaki. Baada ya wiki chache programu ilionyesha tuna futi 35 za mninga, nami nikamwahidi mteja fremu mbili. Fundi mkuu aliniita stoo. “Mwanangu, hebu nioneshe mwimo humu ndani,” akasema. Palikuwa na vipande vitano vya futi tano tano na vitano vya futi mbili mbili, na hakuna hata kimoja ambacho kingesimama mlangoni. Hesabu ilikuwa sahihi na stoo ilikuwa tupu.

Nikaibadilisha orodha yote. Mbao sasa huhesabiwa kwa ubao mzima, fremu moja hula mbao mbili, na kipande cha futi 5 hurudi stoo kama zao la ziada lenye kadi yake, kwa kuwa Odoo huruhusu uzalishaji mmoja kutoa bidhaa kuu pamoja na mabaki yanayofaa. Vipande hivyo hutumika katika fremu za madirisha madogo. Kile kipande cha futi 2 kinachobaki kizingiti kikishakatwa hatukiandiki popote.

Jambo la pili lilikuwa kuamua ni kitu gani kifuate oda na kipi kikae stoo. Kwa shauku ya mwanzo niliifuatisha oda kila malighafi, na oda moja ya mlango ikazaa maombi ya kununua skrubu, msasa na gundi. Vitu hivyo nimevihamishia katika kanuni ya kiwango cha chini na cha juu, ambayo huagiza pale tu stoo inapopungua. Mbao nayo niliitoa, kwa sababu mninga unaonunuliwa siku ya oda mara nyingi bado una unyevu, na mlango wake hupinda ukiwa tayari nyumbani kwa mteja. Mbao lazima ikutwe stoo imeshakauka. Kilichobaki katika ununuzi wa oda ni vitasa vya pekee na vioo vya vipimo maalumu.

Kwa kuwa kuthibitisha mauzo ndiko kunakowasha mashine yote, tumekubaliana kwamba profoma haithibitishwi kabla ya malipo ya awali kuandikiwa stakabadhi. Hilo halikuzuia kila kitu. Mteja mmoja alibadili nia, nikafuta mauzo yake, nikaamini kwamba kazi nayo imefutika, kumbe oda ya uzalishaji ilibaki hai ikiwa na taarifa ya tahadhari tu ambayo sikuisoma, na mafundi wakakata mbao za kabati lisilo na mwenyewe. Siku hizi nikifuta mauzo, naifungua oda ya uzalishaji na kuifuta kwa mkono, kisha natembea hadi kwenye benchi kumwambia fundi kwa mdomo.

Milango, fremu na makabati sasa hupitia humo bila shida kubwa. Masofa bado yako katika daftari, kwa maana mteja wa sofa huchagua kitambaa baada ya kuiona fremu imesimama, na mara nyingine hukibadili tena siku ya kushona. Sijapata namna ya kuandika orodha ya malighafi ambayo mwenye sofa mwenyewe hajaijua.