Shuka ya Babu

Mwanzoni mwa 1979 nilikuwa kuruta, mmoja wa vijana na wanamgambo waliokusanywa baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera. Alfajiri mchakamchaka, mchana kwata na shabaha, usiku lindo. Jumapili jioni tu ndiyo ilikuwa yetu, na kila mwenye mwandiko mzuri alitafutwa kama mganga.

Siku moja alinijia mwanamgambo, mkulima wa pamba kutoka Usukumani. Tulimwita Babu kwa kuwa alituzidi umri, japo uzee wenyewe hakuwa nao. "Mdogo wangu," akasema, "niandikie kwa mama watoto."

Nikaanza kama tulivyozoea: salamu nyingi, mimi huku ni mzima, hofu ni kwenu. Akanikatisha. "Hayo anayajua. Andika palizi isichelewe. Yule ng'ombe mwenye baka asiuzwe, hata shemeji akililia. Na jirani tunamdai magunia mawili ya mtama, asije akasema ni moja." Vita hakuitaja kabisa.

Kisha akanyamaza. Barua ingesomwa na watu wawili kabla ya kumfikia mlengwa: kwanza afande, maana bahasha tulikabidhi wazi asije mtu akataja kambi au silaha, halafu mwalimu wa kijijini, kwa sababu mkewe hakujua kusoma. Mwisho akaninong'oneza, "Malizia hivi: ile shuka ya bluu naiota."

Afande alipofika hapo akaniita. "Shuka ya bluu ndiyo nini? Mnapeana alama?" Nikamwonyesha Babu. Babu akakakamaa, mikono ubavuni, macho mbele, akajibu kwa sauti ya gwaride: "Shuka ya kitandani, afande!"

Hanga zima likaangua kicheko. Afande akageukia dirishani, mabega yanamtikisika, akailamba gundi ya bahasha mwenyewe.

Barua yangu kwa wazazi, iliyojaa taifa na ushindi, ilipita bila swali. Sishangai, haikuwa na kitu.

Majibu ya Babu yalikuja wakati habari za kutekwa kwa Masaka, mji wa Uganda, zimeshatufikia. Nikamsomea: palizi imekwisha, ng'ombe yupo, mtama umelipwa. Chini kabisa mwalimu, kwa mwandiko wake wa ubaoni, ameongeza: "Mama watoto anasema ile shuka aliiazima shemeji tangu Krismasi, hajairudisha."

"Unaona?" Babu akafoka. "Na ng'ombe bado anamtaka!"