Nilivyoyatafutia makaroni jibini hapa Kigoma

Hapa Kigoma watu wanaweza kubishana kuhusu migebuka, samaki wetu wa Ziwa Tanganyika, tangu asubuhi hadi adhuhuri: upi wa leo, upi wa jana, upi umelazwa kwenye barafu ukasahaulika. Kwenye jibini hakuna mbishi. Dukani nilimuuliza kijana tofauti ya pakiti mbili alizokuwa nazo kwenye friji. Akazigeuza, akazitazama, akanijibu kwa uhakika kabisa: "Hii ina karatasi nyekundu, dada."

Nilikuwa na sababu ya kuuliza. Napika kwa oda hapa Mwanga, keki zaidi, na makaroni ya kuoka kwa wale walioyala Dar au Unguja wakarudi na hamu. Ndipo akaja mama mmoja wa Ujiji, shangazi wa bibi harusi. Baada ya shikamoo na habari za watoto akatoa simu. Kwenye video kijiko kilikuwa kinapanda kutoka kwenye trei, jibini inakifuata, haikatiki.

"Nataka hivi, mwanangu. Mgeni akichota, ivutike mpaka ainuke kitini."

"Na ladha, shangazi?"

"Ladha utajua wewe. Mimi nataka ivutike."

Oda ni oda. Makaroni yenyewe hayakunisumbua: unayachemsha yakiwa bado na ukaidi kidogo, unaweka nyama ya kusaga iliyokaangwa na vitunguu na nyanya, unamimina sosi nyeupe ya siagi, unga wa ngano na maziwa. Hapo juu ndipo palipokuwa na kesi.

Nilianza na zile za pembetatu, zilizofungwa kwenye karatasi ya kung'aa, kwa kuwa hazidai friji na kila duka la maana linazo. Zimesindikwa kwa chumvi maalumu zinazozuia mafuta na maji yasitengane, kwa hiyo zikipata moto zinakuwa uji laini, haziachii mafuta wala hazigombani na mtu. Watoto wangu walilamba trei. Lakini uzi hakuna. Ukiinua kijiko, kinatoka peke yake.

Nikaja kwenye cheda, ile ya rangi ya chungwa. Hii ina ladha, siipingi. Kasoro yake ni kwamba moto ukiizidi inaachia mafuta, na yale mafuta yanachukua rangi ya jibini. Nilipofunua oveni, juu ya makaroni palikuwa pamejaa vidimbwi vyekundu. Baba watoto akachungulia, akauliza kwa upole, "Leo umeweka mawese?" Mtu aliyekulia Kigoma ukimwekea mafuta mekundu mezani, hana jibu lingine kichwani.

Jirani yangu, mama wa Kasulu mwenye ng'ombe wake, akaniambia naharibu pesa. Chemsha maziwa, kamulia limau, chuja kwenye kitambaa, umepata jibini. Na kweli nikapata, nyeupe, safi, tena nyingi. Nikaikatakata juu ya makaroni, nikaongeza makaa. Ilipata rangi kidogo kwenye kingo, basi. Vipande vilibaki na pembe zake zote. Jibini inayogandishwa kwa limau haiyeyuki hata uipelekee moto wa kufulia chuma, ndiyo maana Wahindi wanaitumbukiza kwenye mchuzi bila wasiwasi. Kwenye mchuzi wa nyanya inapendeza sana, na nimeendelea kuipika hivyo. Juu ya makaroni inakaa kama wageni wasiojuana.

Hapo nikaamua kujua huo uzi unatoka wapi. Jibini ni protini ya maziwa iliyoshikamana kwa msaada wa kalsiamu. Joto likiingia, mshikamano unalegea, protini zinateleza bila kuachana, na huko kuteleza ndiko kuvutika. Mozarela inazipita zote kwa sababu wakati wa kuitengeneza hukandwa kwenye maji ya moto na kuvutwa, hivyo nyuzi zake zimeshalala upande mmoja kabla haijafika kwako. Zile zilizozeeka ni kinyume. Parmesan ya Italia hukaa angalau miezi 12 kabla ya kuuzwa, na muda wote huo protini zake zinakatikakatika. Inapata ladha ya kukufumbisha macho, lakini kuvutika ndiyo basi tena. Kwa maneno mengine, shangazi alikuwa ananiagiza jibini changa, na ladha angeitafuta kwingine.

Mozarela basi. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini mozarela laini, ile inayoogelea kwenye maji yake, sijaiona ikifika ikiwa na heshima zake. Ni zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar kwa treni, na joto la njiani mnalijua. Hata ingefika, ina maji mengi mno, ingegeuza makaroni kuwa supu. Ya kuokea ni ile kavu ya kipande. Niliipata kwa njia ambayo siitegemei kila mara: wafanyabiashara wa samaki wanaopeleka mzigo Dar hurudi na maboksi yao ya barafu matupu, na mmoja alikubali kurudi na kilo zangu. Ilifika nzima. Ilinukia mgebuka kwenye karatasi ya nje, nikaivua karatasi, tukasameheana.

Kuna pia ile inayouzwa ikiwa imeshakwaruzwa. Inavutia kwa mvivu, nami ni mmoja wao, lakini hupakwa wanga ili isigandane pakitini, na wanga huohuo unaichelewesha kuyeyuka. Nunua kipande, kwaruza mwenyewe kwa kile cha karoti.

Mozarela peke yake, niseme ukweli, haina maneno mengi mdomoni. Ladha nikaifuata ng'ambo ya ziwa. Kwenye milima ya Masisi, kule Kongo, hutengenezwa jibini ya duara yenye ganda, jamaa wa Gouda ya Uholanzi, na huuzwa sana Goma. Dada mmoja anayeleta vitenge kutoka upande wa Uvira aliniletea duara zima ndani ya furushi. Ganda linailinda, safari haikuishtua. Inayeyuka vizuri, inavutika kidogo, na ina utamu wa siagi na chumvi ya kiasi. Ningekuwa napika kwa ajili yangu, ningeishia hapo, nikaongeza chenga za mkate zilizokaushwa na kupitishwa kwenye siagi. Kule Sicily maskini walikuwa wananyunyizia chenga za mkate kwenye tambi mahali pa jibini, na ukizitafuna zikiwa za moto hutawaonea huruma.

Nikagawanya trei. Nyingine nikaziwekea mozarela nyingi na Masisi kidogo, kwa amri ya shangazi. Moja, ya roho yangu, nikaiwekea Masisi tupu na chenga za mkate.

Kilichobaki ni moto. Oveni yangu ni ya bati, makaa chini, makaa juu. Kwa keki makaa ya juu unayapunguza, kwa jibini unafanya kinyume, na unaiweka mwishoni kabisa, makaroni yakiwa yameshaiva, la sivyo inakauka na kuwa ngozi. Tena uzi una maisha mafupi: jibini ikipoa imefunga duka. Kwa hiyo trei zilipanda bajaji zikiwa hazijawekwa kitu juu, mimi nikabeba jibini na oveni, nikamalizia kupalia makaa uani kwao Ujiji, miguu ya wapishi wa pilau ikinipita kichwani.

Trei ya kwanza ilipofunuliwa, shangazi mwenyewe akachota. Ikavutika. Ikavutika tena. Vigelegele vikapigwa, simu zikatoka, kila mmoja akataka kuchota mbele ya mwenzake, na aliyekosea akarudia. Walipomaliza kurekodi, jibini ilikuwa imeshika kabisa, nikairudisha kwenye makaa, nao wakarudi na simu.

Wakati huo wazee wa kiume, ambao hawakuitiwa video, walikuwa wameletewa ile trei ya Masisi na chenga za mkate. Nilipokwenda kuiangalia nilikuta kijiko tu, na mzee mmoja akiuliza kama ile ngumu ya juu inauzwa peke yake.

Shangazi alilipa yote bila kupunguza hata shilingi, na tangu hapo oda za Ujiji zimeongezeka. Mteja akija naanza kumuuliza ni ya kula au ya kupiga picha. Ya kupiga picha ni ghali zaidi, inatoka Dar.