Jinsi nilivyoihamisha McCLIM kutoka Linux hadi Windows

Karibu kila niliyemwomba ushauri aliniambia nisakinishe seva ya X, yaani programu inayochora madirisha kwenye Linux, juu ya Windows na kuachana na habari ya kuhamisha chochote. Ushauri huo ulinikera, kwa sababu aliyehitaji programu ni shemeji yangu mwenye duka la vipuri Morogoro, na mtu anayefungua duka saa moja asubuhi hawezi kuwashiwa programu moja ili nyingine ipate mahali pa kuchora. Nilikuwa nimemwandikia orodha ya mali kwa lugha ya Common Lisp nikitumia McCLIM, maktaba ya kutengeneza madirisha na menyu, ambayo uzuri wake ni kwamba kitu kilichochorwa kwenye skrini hubaki kuwa kitu chenyewe: ukibofya neno “beringi” kwenye orodha, Lisp hupokea beringi ile ile iliyomo kwenye hesabu, pamoja na bei na idadi yake. Walioniambia niandike upya kwa lugha nyingine hawakuwa wamewahi kuonja raha hiyo.

Nilinunua kompyuta ya mtumba kwa laki tatu na kitu, nikaweka SBCL, programu inayoendesha Common Lisp, nikaanza. McCLIM imejengwa vizuri kwa kazi hii, kwa kuwa mambo yote ya mashine yamefungiwa katika tabaka la chini, ambalo katika nakala yangu lilizungumza na X11, yaani X hiyo hiyo. Nilichotakiwa kufanya ni kuandika tabaka jingine linaloita Windows kupitia CFFI, maktaba ya kuita funksheni za C kutoka Lisp, lenye njia kama realize-mirror inayounda dirisha halisi na medium-draw-line* inayochora mstari. Maumbo yalinichukua wikiendi mbili. Jina la dirisha, “Vipuri”, lilionekana kama “V” tupu hadi nilipogundua kwamba nilikuwa nimeita CreateWindowExA, funksheni ya Windows ya kuunda dirisha, huku nikiipa maandishi ya UTF-16, ambamo herufi kama V huchukua baiti mbili. Baiti ya pili ya V ni sifuri, na kwa CreateWindowExA sifuri ndiyo mwisho wa neno. Tumia funksheni zinazoishia na W, kama CreateWindowExW, kila mahali.

Kilichonitesa ni nyuzi za utekelezaji, yaani kazi zinazoendeshwa sambamba ndani ya programu moja. Dirisha lilitokea, likachorwa mara moja, kisha kipanya kikageuka duara linalozunguka na Windows ikatangaza kwamba programu haijibu. Nilidhani nimekosea vipimo vya muundo wa MSG, unaobeba ujumbe wa Windows kama vile mbofyo wa kipanya, nikavihesabu kwa mkono baiti kwa baiti, na vilikuwa sahihi: baiti 48 kwenye mashine ya biti 64. Wiki tatu zilipita hivyo. Jibu lilikuwa kwamba katika Windows kila dirisha ni mali ya uzi uliolizaa, na ujumbe wake hauchukuliwi na uzi mwingine wowote, ilhali mimi nilikuwa nimezalisha dirisha katika uzi wa programu na kuweka PeekMessage, inayochungulia ujumbe kwenye foleni, katika uzi wa matukio. Mzunguko wangu ulikuwa ukichungulia foleni tupu usiku kucha.

Basi nikaamua kwamba uzi mmoja tu ndio utakaomiliki madirisha yote, na nyuzi nyingine zitaweka maombi yao, yaani funksheni za Lisp, kwenye foleni na kuuamsha uzi huo kwa PostThreadMessage, inayotuma ujumbe kwa uzi bila kutaja dirisha. Ilifanya kazi hadi niliposhika ukingo wa dirisha na kuuvuta: maombi yote ya wakati huo yakapotea. Wakati wa kuvuta, Windows huendesha mzunguko wake yenyewe wa ujumbe, na ujumbe usio na dirisha hauna wa kukabidhiwa. Dawa niliyoipata, ambayo ninajivunia kuliko sehemu nyingine yoyote ya kazi hii, ni kuunda dirisha dogo lisiloonekana chini ya HWND_MESSAGE, yaani mzazi wa madirisha ya kupokea ujumbe tu, ambalo kazi yake pekee ni kupokea ujumbe wa kuamsha na kuimaliza foleni. Kwa kuwa ujumbe sasa una dirisha, mzunguko wowote unaoendeshwa katika uzi ule huufikisha, hata katikati ya kuvuta. Zingatia pia kwamba hitilafu ya Lisp isiruhusiwe kuruka kutoka ndani ya funksheni iliyoitwa na Windows. Inase humo humo.

Duka lilipoanza kuitumia, baada ya saa chache orodha ilibaki nyeupe. Nilikuwa naunda kalamu mpya ya GDI, sehemu ya Windows inayochora, kwa kila mstari bila kuifuta, na kwa kawaida mchakato mmoja hauruhusiwi kushika zaidi ya vitu 10,000 vya aina hiyo. Siku hizi kalamu hutunzwa kwenye jedwali kwa rangi na unene wake, na hesabu yake haifiki mia.

Juzi nilikaa pembeni ya kaunta nikimwangalia akibofya beringi, akipunguza idadi, kisha akilipanua dirisha. Orodha ilifuata ukingo bila kukwama.

“Shemeji,” akasema, “hizi herufi huwezi kuzikuza kidogo?”

Nimeshaanza na text-size, funksheni inayopima ukubwa wa maandishi.