Nilivyotenganisha maji na magma katika basalti za Rungwe

Nilichukua mawe mawili ya basalti, mwamba mweusi wa volkano, kwenye mtiririko mmoja wa lava ya Rungwe, eneo la volkano karibu na Tukuyu, hatua chache tu kutoka jiwe hadi jiwe. Nilitaka kujua: je, lava hii ilitoka moja kwa moja kwenye manto, tabaka lililo chini ya ganda la dunia, au iliyeyusha miamba ya kale ikipanda? Majibu ya kwanza yalininyima usingizi. Uwiano wa strontiamu-87 kwa strontiamu-86, aina mbili za elementi moja zinazotofautiana kwa uzito wa atomi, ulikuwa juu zaidi katika jiwe la pili, na tofauti ilianzia tarakimu ya tatu baada ya nukta. Katika kazi hii hilo ni pengo kubwa.

Maelezo yalikuja haraka mno. Rubidiamu-87, aina ya elementi nyingine iliyomo kwenye miamba, hugeuka polepole kuwa strontiamu-87. Nusu yake huchukua takriban miaka bilioni 49. Miamba ya ukanda wa Ubendi iliyo chini ya Rungwe ina umri wa karibu miaka bilioni 2, na yenye rubidiamu nyingi uwiano wake umepanda sana. Manto ina rubidiamu kidogo. Basi, nikasema, magma, yaani mwamba ulioyeyuka kabla haujafika juu, imekula kuta za njia yake. Nikaanza hata kuandika aya hiyo.

Neodimiamu, elementi nyingine niliyopima uwiano wa aina zake, ndiyo iliyonizuia. Mawe yote mawili yalitoa jibu moja. Magma ingeyeyusha mwamba wa kale, neodimiamu nayo ingesogea. Maji, kwa upande mwingine, hubeba strontiamu kwa urahisi na neodimiamu huiacha karibu ilivyo. Nikaanza kuyashuku maji.

Nikarudi kwenye hadubini. Jiwe la pili lilijaa vitundu vilivyoachwa na mapovu ya gesi, na ndani ya vitundu vingi kulikuwa na utando mweupe, mwembamba kama ukoko wa chumvi. Nikadondosha tone moja la asidi hafifu; papo hapo likatoa povu. Kalsiti! Maji ya ardhini yalikuwa yamepita kwenye miamba ya kale, yakaja kuacha strontiamu yake humo, nami nilikuwa nimesaga jiwe zima pamoja na utando wake.

Nikaanza upya. Nilivunja jiwe, nikachagua vipande vidogo kama chenga za mchele, kimoja kimoja kwa kibano, siku tatu nzima. Chochote chenye weupe nilikitupa. Vilivyobaki nikavipasha moto katika asidi ya hidrokloriki. Asidi ikageuka manjano, nikaimwaga, nikaweka nyingine, hadi ikatoka angavu. Naamini hatua hii ndiyo iliyookoa kazi yangu, na sitaki mwanafunzi yeyote airuke kwa haraka. Kisha nikayeyusha vipande kwa asidi ya hidrofloriki, ambayo siigusi bila mwenzangu kuwa karibu na jeli ya kalsiamu, dawa ya majeraha ya asidi hiyo, kuwa mezani, nikatenga strontiamu kwa resini, chembechembe zinazoinasa, tone kwa tone.

Safari hii mawe yakakubaliana hadi tarakimu ya nne. Ile aya nikaifuta.

Kujua kina cha chanzo ni kazi nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulipima heliamu ya Rungwe ukakuta heliamu-3 kwa heliamu-4 ikifika mara 15 ya ile ya hewani. Basalti za matuta ya katikati ya bahari huwa karibu mara 8. Hiyo ni ishara ya chanzo cha chini sana. Kwa hiyo sasa kibano kimerudi mkononi, safari hii natafuta fuwele za kijani za olivini, madini yanayohifadhi heliamu ya magma ndani yake.