Nilivyochagua hoteli Mwanza kwa ajili ya dirisha

Mke wangu amezaliwa na kukulia Shinyanga, na tangu tuoane amekuwa akisema angependa siku moja aamke alione Ziwa Victoria kabla hata hajanawa uso. Tulipotimiza miaka kumi ya ndoa nikaamua siku yenyewe ndiyo hiyo. Usiku mbili Mwanza, hoteli ya kifahari kwelikweli.

Nilikuwa na hofu yangu. Miaka mitatu nyuma nilimpeleka kwenye hoteli moja ya bei kubwa niliyoichagua kwa picha za kwenye simu. Bwawa zuri, kitanda kizuri. Lakini ilikuwa Jumamosi, ukumbini kuna harusi, na MC aliita kamati moja baada ya nyingine mpaka saa saba usiku. Asubuhi tukafungua pazia la kile chumba "kinachotazama ziwa", tukatazamana na jiwe. Mwanza ni jiji la miamba. Jabali moja likikaa mbele ya dirisha lako, ziwa umelikosa. Mke wangu hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma.

Safari hii nilianza na ramani. Hoteli za katikati ya jiji zinamfaa mtu wa semina au biashara. Upande wa Ilemela, njia ya uwanja wa ndege, kuna fukwe, na kama tungesafiri na watoto ningeelekea huko. Sisi tulikuwa wawili, nikaegemea Capri Point, mtaa wa jijini ulio kwenye rasi iliyoingia ziwani. Ghuba ya Mwanza iko magharibi ya jiji, hivyo chumba cha upande huo hukuonyesha jua likizama majini. Tena kutoka hapo, Kisiwa cha Saanane ni mwendo mfupi tu wa boti. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, ndogo kuliko zote nchini, na mtu anaizunguka kwa miguu akiwaona pimbi juu ya mawe na swala pala chini.

Kisha nikapiga simu, hoteli tatu. Sikuuliza kama chumba ni kizuri, maana hakuna wa mapokezi atakayejibu hapana. Niliuliza: dirisha linatazama wapi na mbele yake kuna nini? Ukumbini kuna shughuli tarehe hizo? Jenereta iko upande gani? Bei hiyo VAT imo, na chai ya asubuhi ni ya watu wawili?

Wa kwanza alinijibu, "Vyumba vyetu vyote vizuri, bosi." Wa pili akasema bei tu. Wa tatu, dada mmoja mwenye sauti ya upole, akaniambia, "Kaka, nipe dakika tano nipande ghorofani nikuangalizie." Akanitumia picha WhatsApp, aliyoipiga akiwa amesimama dirishani. Maji, mtumbwi mmoja, na jabali pembeni kabisa. Akaongeza kwamba Jumamosi kuna harusi. Nikija Jumapili kutakuwa kimya na bei itashuka. Mke wangu ni mwalimu na ilikuwa likizo ya Juni, kwa hiyo Jumapili ilitufaa. Nikalipa siku ileile. Hakikuwa chumba cha bei nafuu kati ya vile vitatu, ila mtu anayepanda ngazi kwa ajili ya mgeni asiyemjua nilimwamini na mengine.

Tulifika jioni, tukala sato wa kuchoma na ugali, tukalala mapema.

Saa kumi na moja alfajiri nikasikia pazia linavutwa. Nje bado giza, mwezi haupo, na mbali ziwani taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga kama mtaa mzima umehamia majini. Nikanyoosha mkono ukutani.

"Baba Neema," akasema taratibu, "usiwashe taa."